Faustos yupi? Kitabu cha Waarmenia kisichojulikana mwandishi wake

SALIM: Hamjambo wasikilizaji. Leo tunakwenda Armenia, karne ya 5. Kitabu kinaitwa Buzandaran, na ugomvi juu ya nani aliyekiandika ulianza mapema mno, wino haujakauka vizuri.

MWANAIDI: Kaka Salim, kabla ya ugomvi wape watu ile habari ya hema. Mimi ndiyo iliyonishika.

SALIM: Haya. Ni karne ya 4, Mfalme Arshak wa Pili wa Armenia ameitwa Uajemi kwa shah, Shapur wa Pili. Shah hajui kama mgeni wake ni rafiki au adui. Waaguzi wake wanamwambia aagize udongo na maji kutoka Armenia. Nusu ya sakafu ya hema inamwagwa udongo ule, unanyunyizwa maji ya huko huko. Nusu ya pili inaachwa udongo wa Kiajemi. Kisha shah anamshika Arshak mkono na wanaanza kutembea humo ndani wakizungumza.

MWANAIDI: Kwenye udongo wa Kiajemi Arshak ni mpole kabisa. Nimekosa, niadhibu upendavyo.

SALIM: Akikanyaga wa kwao, anageuka mbogo! Anamwita shah mtumwa aliyewapora mabwana zake. Na tusi hilo lina mantiki, maana ukoo wa Arshak ndio uliotawala Uajemi kabla ukoo wa Shapur haujaupindua. Wakirudi upande wa pili, anaomba radhi upya. Siku nzima hivyo hivyo.

MWANAIDI: Jioni kwenye karamu wanamkalisha mwisho kabisa, penye udongo wa Armenia. Anainuka, anamwambia shah, hapo ulipokaa ni mahali pangu, nipishe. Ndipo akafungwa minyororo na kupelekwa Ngome ya Usahaulifu, asitoke tena.

SALIM: Sasa sikia. Mwishoni mwa karne hiyo ya 5 yuko mwanahistoria mwingine, Ghazar Parpetsi, mtu aliyesomea kwa Wagiriki. Amekisoma kitabu hiki, na kinamkera. Anasema kimepewa jina la Faustos wa Bizanti, yaani msomi wa Konstantinopoli. Yeye anauliza, msomi wa mji ule anaandikaje mambo ya kipuuzi namna hii? Anashuku kuwa kuna mjinga fulani aliyechomeka ya kwake humo.

MWANAIDI: Namwelewa. Majeshi ya Uajemi yanakuja kwa mamia ya maelfu, amiri jeshi Vasak Mamikonian anayamaliza yote, shah anaponea juu ya farasi, peke yake. Sura inayofuata, jeshi jingine, na mambo ni yale yale.

SALIM: Ila Ghazar naye aliandika kwa hisani ya ukoo huo huo wa Mamikonian. Kwa hiyo sidhani kama tatizo lake lilikuwa sifa. Lilikuwa namna ya kusifu.

MWANAIDI: Halafu kuna hesabu ya miaka. Kitabu chenyewe kinamtaja askofu Faustos, Mroma kwa asili, aliyekuwa karibu na katolikosi Nerses, mkuu wa kanisa la Armenia, karne ya 4. Watu wakaona jibu limepatikana: shahidi wa macho ndiye mwandishi.

SALIM: Lakini herufi za Kiarmenia zilitungwa na Mesrop Mashtots mnamo mwaka 405!

MWANAIDI: Wakajibu kwamba aliandika Kigiriki, kikatafsiriwa baadaye. Nao wapinzani wakaonyesha kwamba kitabu kinadondoa Biblia ya Kiarmenia, na kinafuata maneno ya Koriun, mwanafunzi wa Mashtots aliyeandika maisha ya mwalimu wake katika miaka ya 440. Askofu wa karne ya 4 angeyapata wapi? Ndiyo maana wataalamu wengi sasa wanakiweka miaka ya 470.

SALIM: Na hilo jina?

MWANAIDI: Hapo nampa sifa Nina Garsoïan. Mwaka 1989 alitoa tafsiri ya Kiingereza, na alilichukua lile Buzandaran kuwa neno la asili ya Kiirani linalohusu manju na nyimbo zao za mashujaa. Halikuwa na uhusiano wowote na mji wa Bizanti. Waliokuja baadaye, neno likiwa limeshawapotea, wakaona humo mtu, na mtu akapewa jina.

SALIM: Basi Ghazar alikuwa anamlaumu mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

MWANAIDI: Na kile alichokiita upuuzi ndicho ushahidi wenyewe. Yale marudio ya vita, shah kutoroka peke yake, ndivyo manju wanavyoimba. Tazama kifo cha Vasak. Ni mtu mfupi, shah anamdhihaki kuwa ni mbweha. Anajibu kwamba alipokuwa Vasak alikuwa jitu, mguu mmoja juu ya mlima huu, mwingine juu ya ule, akiegemea upande mmoja mlima unadidimia. Shah anauliza ni milima gani. Mmoja ni wewe, anamwambia, mwingine ni mfalme wa Wagiriki. Wakamchuna ngozi, wakaijaza majani makavu, wakaipeleka kwenye ngome alikofungwa Arshak.

SALIM: Mimi bado sikubali kuwa ni nyimbo tupu, dada. Aliyeandika anaijua Biblia vizuri, anawatetea maaskofu, anawalaani wafalme. Huyo ni mtu wa kanisa.

MWANAIDI: Mtu wa kanisa aliyekulia kwenye nyimbo za manju. Sioni ugumu hapo.

SALIM: Na habari ya hema ilivuka mipaka. Mwanahistoria Prokopio wa Kaisaria anaisimulia kwa Kigiriki karne ya 6, naye anasema ameitoa kwenye historia ya Waarmenia.

MWANAIDI: Bila kutaja jina la mwandishi!

SALIM: Bila jina. Kuna na kitu kingine: nakala tulizo nazo zinaanzia Kitabu cha Tatu, ambacho kimeandikwa juu yake kuwa ndio mwanzo, na zinaishia cha Sita, kilichoandikwa mwisho.

MWANAIDI: Kuna wanaosema viwili vya kwanza vilipotea. Mimi naona mhariri wa baadaye alikipanga kama sehemu ya mfululizo wa historia, ndipo namba zikaanzia tatu.

SALIM: Na yule mwanahistoria mwingine wa Armenia, Movses Khorenatsi?

MWANAIDI: Huyo mwenyewe anasema ni mwanafunzi wa Mashtots, wengine wanamsogeza hadi karne ya 8. Anahitaji kipindi chake, tutamleta wiki ijayo.