Soma Namba Kabla Hujapiga Windows

Assalaam alaikum. Najua wengi wenu hapa Chake Chake mmeshanisikia nikiyasema haya, na nitayasema tena mpaka mniite mzee wa namba. Kifaa kikigoma, wifi ikapotea au sauti isitoke, msikimbilie kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, itafunguka orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta kifaa chenye pembetatu ya manjano, kibofye mara mbili. Pana maneno mle, na mwisho wake pana namba. Isome!

Alinijia mwalimu mmoja kutoka Wete na laptopu haina wifi. Ilishapita kwa fundi, ikapigwa Windows. Wifi haikurudi. Ikapigwa tena. Picha za harusi ya bintiye zikaenda na maji, na wifi bado haipo. Nafungua mie, naona namba 28. Maana yake draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, haijawekwa, basi. Windows ile haikuwa na draiva ya kadi hiyo, na hata ungeipiga mpaka Idi ingerudi vilevile. Nikaingia kwenye maelezo ya kifaa, kwenye vitambulisho, nikakuta VEN_10EC na DEV_C821. Hiyo 10EC ni kampuni ya Realtek, na C821 ni kadi ya RTL8821CE. Kifaa kimejitaja chenyewe jina na ukoo, wewe unabahatisha nini?

Hapo kuna mjuaji ataniuliza: bila wifi, draiva ya wifi utaishushaje? Na hiyo simu mfukoni ni ya kuangalia mpira tu? Chomeka waya wa USB, washa kugawa intaneti, Windows 10 itaiona simu kama kadi ya mtandao. Nikaingia tovuti ya aliyetengeneza laptopu, nikatafuta kwa modeli, nikaweka draiva. Mwalimu hajamaliza chai yake.

Mtanambia: "Mteja ana haraka, boti ya Unguja inaondoka." Haya, kwani kupiga Windows ndiyo haraka? Utaipiga, utasubiri visasisho, utaweka programu upya, na boti iko Mkokotoni huko!

Halafu ile flashi ya draiva za kila aina, inayozunguka maduka yote ya mjini. Mnaijua, msijifanye. Itupeni. Namba 52 nyingi ninazoziona zinatoka humo: draiva haina saini ya kidijitali inayothibitika, yaani alama ya kuonyesha nani kaitoa na kwamba haijachezewa, na Windows ya biti 64 imekuwa ikizikataa draiva za kerneli (kiini cha mfumo) za namna hiyo tangu Vista. Utanambia ukaguzi wa saini unazimika, unabonyeza 7 wakati wa kuwasha. Unazimika, ndiyo, mpaka uwashe tena, kisha mteja anarudi kesho na lawama. Na ukiuzima usirudi tena, umemwachia mlango wazi kila mwenye virusi.

Muda unanikimbia. Namba 39, faili la draiva limeharibika au halipo. Iondoe, weka safi. Windows 11 ikikwambia draiva imezuiwa na ulinzi wa kumbukumbu (Memory integrity), tafuta toleo jipya, usizime ulinzi. Namba 10, kifaa kimeshindwa kuanza, na 43, kifaa kimeripoti hitilafu: kama ni cha USB, badilisha tundu na waya kwanza, na tazama kutu, maana chumvi ya bahari hii haina huruma. Wa Linux, amri ya dmesg inayoonyesha ujumbe wa mfumo, mnajua wenyewe.

Adhana hiyo. Wenye laptopu zenye pembetatu waziache mezani, kila mtu abandike karatasi yenye namba. Isiyo na namba siigusi.