Chuma Usikiyeyushe

Haya vijana, mliokaa nyuma sogeeni, sina sauti ya kupiga kelele leo. Najua mshaanza kucheka, mzee kaja na brasi yake tena. Ndiyo, brasi tena, kuunga chuma kwa rodi ya shaba na zinki bila kukiyeyusha chuma chenyewe, maana juzi tu nimeletewa mguu wa mashine ya kusaga, kasti tupu, yaani chuma cha kumimina kwenye kalibu, umechomwa umeme mara tatu na umepasuka mara tatu.

Fundi wa kwanza kapiga rodi ya kawaida, mshono umenyooka kama wa cherehani, kachukua hela yake, chai haijapoa ikasikika "tang!" Na ufa haukupita kwenye mshono, umepita pembeni yake. Kwa nini pembeni? Kasti ina kaboni nyingi, asilimia 2 mpaka 4, ukiiyeyusha halafu ikapoa haraka pale inakuwa ngumu kama kigae, haipindi wala hainyooki, sasa mshono ukianza kusinyaa lazima mtu aachie. Wa pili kaongeza rodi juu, wa tatu kaongeza juu ya nyongeza, mpaka unanifikia una nundu kama ngamia.

Nikakata nundu yote nikachonga mfereji kwa tupa. Nimesema tupa! Grenda linasambaza grafaiti, ile kaboni nyeusi iliyomo ndani, juu ya uso wa kasti, na brasi ikikuta grafaiti inakimbia kama maji kwenye jani la gimbi. Nikaupasha mguu mzima juu ya jiko la mkaa, nikatia boraksi, ule unga wa kusafisha chuma ili brasi ishike, ndio nikawasha gesi. Chuma kiwe chekundu kwa mbali, na ukiangalie kivulini, ukiwa juani utadhani bado hakijaiva, utaunguza. Rodi yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 870 mpaka 890 hivi, kasti inataka 1150 kwenda juu, basi hapo katikati ndio ofisi yetu sisi. Na rodi unaigusisha kwenye chuma, sio kwenye moto, CHUMA ndicho kiyeyushe rodi, nirudie mara ngapi? Ukiidondosha kwenye chuma baridi inakaa kama tone la mshumaa, gonga kidogo imebanduka. Paka kwanza wembamba, ukiona imetambaa yenyewe imelamba chuma, ndio ujaze mfereji. Halafu zika kwenye majivu mpaka asubuhi, na atakayeimwagia maji nisimwone hapa.

Mtu atasema "mzee, brasi si laini?" Wewe, zile baiskeli za zamani zinazopanda na magunia ya mkaa, vile vikombe vya kwenye kona za fremu vimeshikwa na nini? Brasi! Ila pale mwanya ni mwembamba kama karatasi, brasi inajivuta ndani yenyewe. Ukiacha mwanya wa kupitisha kidole ukategemea brasi ikuzibie, usinitaje kwa mteja.

Halafu hilo jina, dukani wanakuuzia "rodi ya bronzi", na bronzi hasa ni shaba na bati, sawa, lakini humo shaba ni kama asilimia 58, karibu yote iliyobaki ni zinki, bati ni kidogo tu. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, ona ilivyo karibu, ukizidisha moto kidogo tu unaona moshi mweupe. Ule moshi ndio unakupa homa usiku, unatetemeka kama una malaria, kesho umepona unasema ah, kawaida tu. Na msiniletee habari za kunywa maziwa eti yanaondoa moshi, maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda kwenye mapafu, wanakutana wapi hao? Fungua milango, kaa upande upepo unakotoka, oksijeni izidi kidogo kwenye moto, itapunguza moshi.

Muda umekwisha naona mnaangalia chakula, basi haraka haraka: bomba la ekzosi usitie brasi, pale panapata moto sana italegea. Aluminiamu usithubutu, yenyewe inayeyuka kwenye 660, itaondoka kabla ya rodi. Na palipowahi kutiwa brasi usipige umeme juu yake, ikwangue yote kwanza. Rodi za fedha siku nyingine.

Twendeni nje tuchome. Nani ana ufunguo wa mtungi wa oksijeni? Wewe? Nionyeshe mikono kwanza... hapana, hiyo ni grisi, rudi kanawe.