Kitovu cha Kifua

MWANA: Haya wasikilizaji wetu, tumerudi. Leo mtanisikia sauti iko chini kidogo, na si mafua.

ELIA: Jana kanipigia saa nne usiku, hata salamu hakuna. "Elia, nimekosea neno."

MWANA: Nimekosea, ndiyo. Mnazijua kazi zangu za tafsiri. Nilipewa karatasi ya huduma ya kwanza, ya kufundishia vijana wa bodaboda: mtu kaanguka, hapumui, moyo umesimama, ufanyeje. Kiingereza kinasema weka mikono kwenye "centre" ya kifua. Mimi nikaandika: weka mikono kwenye kitovu cha kifua. Nikaona limekaa vizuri kabisa. Jumatano nikaenda kuangalia mafunzo. Mdoli kalazwa kwenye mkeka, kijana wa kwanza kapiga magoti, karatasi yangu iko pembeni yake, kaisoma, akaweka viganja juu ya tumbo. Kwenye kitovu.

ELIA: Akaanza kukandamiza?

MWANA: Kwa nguvu zake zote, na anahesabu kwa sauti. Amefika kumi na mbili ndipo muuguzi akamshika mikono, akaivuta juu. "Kati ya chuchu mbili, mwanangu, kwenye mfupa wa kidari." Kijana akauliza, "Mbona wameandika kitovu?" Elia, mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale.

ELIA: Pole, Da Mwana.

MWANA: Angekuwa mtu kweli! Unabonyeza tumbo, moyo hujaugusa, na dakika zinakwenda. Basi neno hilo nimelifuta, na silirudishi.

ELIA: Hapo ndipo tutakapogombana. Wasikilizaji, leo tulipanga maneno matano: kati, kitovu, kiini, moyo na senta. Mwishoni tuseme lipi litumike wapi. Nimeandika na mifano.

MWANA: Anza wewe.

ELIA: Naanza na hiyo "centre" yenyewe. Waingereza waliipata kwa Wafaransa, Wafaransa wameitoa kwenye Kilatini, Kilatini kimeichukua kwa Wagiriki: kentron. Na kentron kwa Mgiriki ni kitu chenye ncha kali. Fimbo ya kumchoma ng'ombe atembee, hiyo ni kentron. Halafu ikawa ile ncha ya bikari. Unaikumbuka bikari kwenye mkebe wa hesabu?

MWANA: Ilikuwa inatoboa daftari.

ELIA: Lile tundu sasa! Umechora duara, umeondoa bikari, kimebaki kitundu kwenye karatasi. Hicho ndicho "centre". Ni nukta moja tu. "Middle" ni jambo lingine, ni neno lao la asili, na linataka ncha mbili. Katikati ya barabara, katikati ya wiki, katikati ya safari. Unapima kutoka huku na kutoka kule.

MWANA: Na ndivyo muuguzi alivyosema. Kati ya chuchu mbili. Kampa ncha mbili, mkono ukaenda wenyewe.

ELIA: Sawa. Lakini nukta ya duara tunaiita kitovu cha duara. Tetemeko la ardhi lina kitovu. Neno halina kosa, mahali ulipolipeleka ndipo palipokuwa na kosa.

MWANA: Sikubali. Kitovu ni mahali ulipokuwa umefungwa kwa mama yako unalishwa. Kifua hakilishi mtu kupitia ile nukta. Duara nalo halilishi mtu. Tumelichukua neno la uzazi tukalibandika kila penye katikati.

ELIA: Duara linazaliwa pale! Bila ile ncha hakuna duara.

MWANA: Elia, kitovu changu kimezikwa chini ya mnazi, Pangani. Kilipodondoka bibi alikifunga kwenye kitambaa, akachimba, akazika, siku hiyohiyo ukapandwa mche. Mpaka leo nikifika nyumbani napelekwa kuuona. "Mnazi wako huu." Una kovu upande mmoja, kijana mmoja wa mgema alikata vidato vya kupandia bila ruhusa. Mama hajamsamehe.

ELIA: Unazaa bado?

MWANA: Unazaa. Nazi ndogondogo lakini tui zito. Sasa mtu akiniambia "kitovu cha mji", mimi naliona shimo lile na bibi kainama. Wewe chako kiko wapi?

ELIA: Dodoma. Zizini.

MWANA: Zizini kabisa?

ELIA: Karibu na mlango wa zizi. Mama anasema ni ili mtoto asipotee na mifugo isipotee. Zizi lenyewe limehamishwa, pale sasa pamejengwa chumba cha mpangaji. Kuna mtu analala juu ya kitovu changu na hajui.

MWANA: Hukumwambia?

ELIA: Nitaanzaje? Namlipisha kodi, halafu nimwambie na hilo? Ila nikienda namwomba nikae pale barazani kwake kidogo. Anadhani nimefuata kivuli.

MWANA: Umenigusa. Na unaona, hukusema "katikati yangu iko Dodoma".

ELIA: Lakini Dodoma ni katikati vilevile! Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie kule, hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba iko katikati ya nchi, mtu wa Kagera na wa Mtwara wote waifikie. Na Reli ya Kati ilikuwa imeshapita pale tangu Wajerumani. Waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914.

MWANA: Umesema mwenyewe. Katikati. Reli ya Kati. Hakuna aliyesema Reli ya Kitovu. Dodoma ni katikati, kitovu ni Dar es Salaam. Bandari iko pale, nchi inalishwa kupitia pale, Zambia na Kongo mzigo wao unapita pale. Huo ndio ulishaji.

ELIA: Hapana, hapana. Serikali iko Dodoma, Bunge liko Dodoma. Uamuzi ukitoka, unatoka pale unaenda pande zote sawasawa, kama bikari. Hicho ni kitovu.

MWANA: Bikari hailishi.

ELIA: Nani kasema lazima kilishe? Kamusi inakupa maana zote mbili, ya tumboni na ya katikati. Waliolipeleka neno kwenye hesabu walijua wanafanya nini. Wewe unataka turudi nyuma tulifungie wodini.

MWANA: Nataka kijana aliyepiga magoti mbele ya mtu anayekufa asisimame kufikiri ni kitovu kipi. Penye mwili, mwili unashinda. Kamusi haikuwa pale kwenye mkeka.

ELIA: Penye mwili, nakubali. Penye nchi, sikubali.

MWANA: Mimi sikubali pote.

ELIA: Yule Mrumi Vitruvius, aliyeandika habari za ujenzi, alisema mtu akilala chali akanyoosha mikono na miguu, ukaweka bikari kitovuni, duara litagusa vidole vyote. Kitovu na duara vimekutana zamani sana, Da Mwana. Leonardo da Vinci akaja kuchora mtu huyo karibu na mwaka 1490.

MWANA: Na kwenye mchoro huohuo kuna mraba. Katikati ya mraba si kitovu, ni chini zaidi, kinenani. Mtu mmoja, katikati mbili. Ungekuwa umeweka mikono wapi?

ELIA: ...Hilo la mraba nitalirudia.

MWANA: Lirudie.

ELIA: Lakini duara bado liko kitovuni.

MWANA: Na moyo bado uko kifuani. Fundi anatuonesha vidole viwili. Dakika mbili?

ELIA: Dakika mbili! Hatujagusa kiini. Nilikuwa na kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha atomu. Na senta ya kijijini, penye maduka na mashine ya kusaga. Na lile la lipi litumike wapi.

MWANA: Yabaki. Mimi dakika hizi naomba nisome sentensi yangu mpya, maana karatasi inapelekwa kuchapwa kesho. "Weka kiganja kati ya chuchu mbili, juu ya mfupa wa kidari, nusu yake ya chini. Kandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika."

ELIA: "Kiganja" peke yake? Vijana watatumia vidole.

MWANA: "Kitako cha kiganja"?

ELIA: Kitako cha kiganja. Na mkono wa pili juu yake.

MWANA: Ngoja niandike. Kitako cha kiganja... mkono wa pili juu yake. Kalamu imegoma. Fundi, una kalamu?