Nairobi hadi New York: Kilomita Zilezile, Saa Tofauti

Mabibi na mabwana, hamjambo. Jioni hii nina safari moja tu ya kuizungumzia: kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy, New York. Kenya Airways ilianza kuifanya bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787. Umbali ni kama kilomita 11,800. Kwenda kulitangazwa kuwa saa 15, kurudi saa 14. Viwanja ni vilevile. Hiyo saa moja imekwenda wapi?

Kwanza tuione njia. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria na Mali. Sasa tazameni tufe hili. Nashika uzi Nairobi, naukaza hadi New York. Mnaona ulivyopanda kaskazini? Sudan Kusini, Sudan, Chad, jangwa la Algeria, Moroko, ndipo unaingia Atlantiki. Hakuna njia fupi kuliko hiyo, lakini si kila siku hupitika. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa, na ndege zilizozoea kupita huko zikalazimika kuzunguka.

Jibu la swali letu, hata hivyo, ni upepo, na watu wa pwani wasingeshangaa. Mabaharia wa Oman walikuja kwetu na kaskazi, wakarejea na kusi. Aliyechelewa kusi alibaki Mombasa au Unguja miezi. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kiasi cha kilomita 10 angani, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Huu haugeuki kwa msimu, ila wakati wa baridi huzidi nguvu, na unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York anaukabili kwa kifua. Anayerudi unamsukuma.

Kuna jambo jingine ambalo abiria halioni kabisa, nami naona ndilo gumu kuliko yote. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi: injini hupungukiwa nguvu, na mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuibeba ndege. Joto huongeza tatizo. Ndege yenye mafuta ya saa 15 ni nzito mno, kwa hiyo kila kilo ya mzigo inapigiwa hesabu. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia sana. Ratiba ya mwanzo ilikuwa saa tano na dakika 25 usiku, na kufika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi ya huko.

Ukisoma saa hizo tu utadhani ni mwendo wa saa saba! Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi yao, na saa saba baada ya wao kusogeza saa mwezi Machi. Kwa hiyo anayekwenda kumpokea mgeni asitoe saa za tiketi moja kwa moja. Ndege ikiondoka kule saa sita na dakika 25 mchana mwezi Januari, hapa ni saa mbili na dakika 25 usiku. Mwezi Julai ni saa moja na dakika 25. Hesabu saa 14 kuanzia hapo.