Kuchagua na kutunza chakula cha kuku wachache wa nyumbani

Karibuni, wafugaji wenzangu. Tupo bandani kwangu hapa Tanga, na hao mnaowasikia nyuma yangu ni tembe 20 chotara. Leo tunaushughulikia mfuko huu wa chakula tu. Sisi wenye kuku wachache hela yetu nyingi inaishia humu, na humu ndimo nilimopata hasara yangu kubwa.

Kabla hujaenda dukani, piga hesabu. Kuku anayetaga anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Tuchukue 120. Mara kuku 20 ni kilo mbili na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unanipeleka siku 20 hivi. Chakula kilichokwisha kusagwa ninataka kiishe ndani ya mwezi mmoja, maana vitamini zinapungua na mafuta yaliyomo yanachacha. Basi mfuko mmoja unanitosha. Muuzaji akikwambia chukua miwili nikupunguzie, mshukuru, chukua mmoja. Mwenye kuku watano apimiwe kilo 15, zitampeleka siku 25, ila mfuko ufunguliwe mbele ya macho yake.

Sasa aina. Vifaranga mpaka wiki ya nane wanahitaji protini ya asilimia 18 hadi 20. Wakishapita hapo, wape cha kukuzia, asilimia 15 au 16, mpaka wakaribie kutaga. Watagaji wanataka asilimia 16 au 17 pamoja na chokaa nyingi ya kujengea ganda la yai. Chokaa hiyo ndiyo inayofanya chakula cha watagaji kisiwafae vifaranga: kalsiamu iliyomo ikizidi inawaharibia figo. Nawaomba sana, msiwape eti kwa sababu kimebaki.

Tupo dukani. Angalia tarehe ya kusagwa kwenye kikaratasi kilichoshonewa mdomoni mwa mfuko. Kama hakuna tarehe, mimi sinunui. Kisha omba ufunguliwe.

Sogeeni karibu muone mkono wangu. Natumbukiza mpaka katikati ya mfuko, siyo juu juu, nachota konzi moja, nakaza ngumi, naachia. Mmeona? Kimesambaratika chote, kiganjani pamebaki vumbi tu. Hicho ni kikavu. Kikibaki bonge lenye alama za vidole, kina unyevu. Halafu nusa. Kinatakiwa kinukie mahindi yaliyotoka mashineni na dagaa kwa mbali. Ukisikia uvundo, au ukali wa mafuta ya zamani, rudisha. Ukiona utando kama wa buibui, au vumbi la kijani, hapo hapana mazungumzo tena.

Nieleze kwa nini ninakuwa mkali. Ukungu wa mahindi na karanga unaacha sumu inayoitwa sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga waliyolishwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya walikufa watu 125 kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Kuku anayekula kidogokidogo hafi siku hiyo. Ini linaharibika, mayai yanapungua, kinga inashuka, halafu ugonjwa wa kideri ukipita unashangaa mbona ulichanja. Kuanika juani hakuiondoi sumu, wala kuchanganya na chakula kizuri si dawa. Na usiseme basi nitawapa bata, kwani bata anadhurika upesi kuliko kuku. Chimba shimo, fukia.

Wanaochanganya wenyewe, haya mawili ni yenu. Mahindi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Tazama ukuta wa chupa hii. Chumvi imeganda kwenye kioo, maana yake unyevu umepita asilimia 15. Haya sisagi, yanarudi juani. Ile chupa nyingine kioo ni safi, chumvi yote imeshuka chini.

Dagaa wa kusaga: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Ule mstari wa kahawia unaotua chini ni mchanga. Kidogo hakikosekani, dagaa wanaanikwa ufukweni. Ukiwa mnene kama huu, unalipia mchanga kwa bei ya protini. Na mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa, yale yenye rangi, hayaingii kwenye chakula hata uyaoshe mara ngapi.

Tumefika nyumbani, tunahifadhi. Masika ya mwaka juzi nilinunua mifuko mitatu kwa mpigo, nikaiegemeza ukutani juu ya sakafu ya saruji. Juu palikuwa pakavu, nikachota bila wasiwasi. Mayai yakatoka 16 kwa siku yakafika tisa, nikawalaumu kuku. Siku nilipofika kitako cha mfuko wa tatu, mkono ukagusa bonge gumu. Nililivunja, ndani lilikuwa la kijivu na kijani, na lilikuwa na joto. Sakafu ilikuwa ikipitisha unyevu kutoka chini siku zote hizo.

Tangu hapo mifuko inakaa juu ya chaga. Hizi ni mbao tu nilizozipigilia, zimeinuka shubiri moja, na kati ya mfuko na ukuta mkono wangu unapita. Mfuko ninaoutumia unaingia mzimamzima ndani ya pipa lenye mfuniko, panya hawafiki. Pipa likae kivulini. Likipigwa jua mchana na baridi usiku linatoa jasho chini ya mfuniko, na matone yanarudi kwenye chakula. Mbolea, mafuta ya taa na dawa za wadudu viwe chumba kingine.

Kwa kalamu hii naandika kwenye mfuko siku niliyoununua. Wa zamani unaisha kwanza. Mfuko ukiisha, nautoa, nageuza pipa, nakwangua ungaunga wa chini, nalifuta kwa kitambaa kikavu, naliacha wazi juani mpaka jioni. Ndipo mfuko mpya unaingia.