Picha imeungua usoni? Usikimbilie kushusha hailaiti yote

Kamwene wadau! Leo nina picha ya bi harusi tuliyopiga juu ya jiwe la Gangilonga, saa saba mchana, jua la Iringa mnalijua, upepo unakupuliza baridi kumbe mwanga unaunguza picha hatari. Cheki paji la uso, cheki na bega la gauni, pameungua, yaani mwanga umezidi. Wengi wakifika hapa wanakimbilia slaida ya hailaiti, ile ya sehemu zenye mwanga mkali, wanaishusha mpaka -100. Usifanye hivyo, mimi nilishafanya, nikapeleka albamu, mama wa bi harusi akanivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, kwani siku ile binti yangu alikuwa anaumwa?" Uso wote umepauka kama umepakwa majivu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwahiyo kabla hujagusa chochote, jua kipi kimeungua kweli na kipi kina mwanga mwingi tu. Mimi natumia Lightroom, programu ya kuhariri picha, ile ya kwenye kompyuta. Bonyeza J, sehemu zilizopitiliza zinawaka nyekundu. Alafu shikilia Alt, kwa wa Mac ni Option, huku unavuta slaida ya eksposha, yaani mwanga wa picha nzima, taratibu, skrini inakuwa nyeusi tii yanabaki mabaka tu. Sasa ebu soma hayo mabaka: hapa kwenye paji ni mekundu, maana yake kati ya chaneli 3 za rangi zinazounda picha, yaani nyekundu, kijani na bluu, nyekundu peke yake ndo imejaa, na kwenye ngozi huwa inaanza hiyo, kijani na bluu bado zina kitu, hapo panaokoleka. Begani baka ni jeupe pee, yaani chaneli zote 3 zimejaa, hapo hamna kitu ndugu yangu, ukishusha unapata kijivu tu.

Na hii ni RAW, yaani faili ghafi la kamera, ya biti 14, ngazi 16,384 za mwanga kwa kila chaneli. Ulipiga JPEG, ile iliyobanwa? Una 256 tu, utaokoa kidogo sana, usinilaumu.

Haya, shusha eksposha -0.30, hailaiti -35, basi, ishia hapo. Kilichobaki tunamalizia na brashi. Chukua maski ya brashi, ile inayobadilisha pale unapopaka tu, kingo ziwe laini kabisa, paka paji la uso tu, hailaiti -30, eksposha -0.20... ona, ona hapo! Rangi inarudi. Ila ule mng'ao wa juu ya shavu na wa puani uacheni jamani, ngozi nyeusi ukiitoa mng'ao inakuwa kama udongo mkavu, na huyu dada alipaka mafuta yake makusudi.

Gauni nalo lipe maski yake, hailaiti -55, mikunjo ya kitambaa inatokea. Lile baka la begani naliacha, jua lilipiga pale na kila mtu analiona jua. Lingekuwa kwenye ngozi ningeingia Photoshop, leya mpya, yaani tabaka juu ya picha, naiweka kwenye daken ili iguse tu palipo peupe kuliko rangi ninayopaka, nanyonya rangi ya ngozi ya pale jirani, napaka kwa opasiti, yaani uzito wa rangi, ya asilimia 10 mpaka 15, mara mbili tatu, alafu naongeza chembechembe kidogo maana bila hivyo panakuwa kama plastiki.

Na kwanini iliungua? Kamera haijui kama anayepigwa ni mweusi, yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati, kwahiyo uso ukijaa kwenye fremu inadhani kuna giza inaongeza mwanga, gauni na paji vinaenda na maji. Siku nyingine kwenye kamera shusha fidia ya eksposha, ile ya kuiambia ipunguze mwanga, iwe -0.7 au msogeze kivulini, na Gangilonga njooni saa kumi na moja jioni bwana, mchana mnafuata nini.

Nikimaliza naituma kwanza kwenye simu yangu, mteja ataiangalia WhatsApp sio kwenye monita yangu. Mwanga wa simu naweka nusu. Haya, paji lina rangi, shavu bado linang'aa. Naitoa kwa mteja.