Soko la Juni Berlin: Soma Kibao Kwanza, Bei Baadaye

Shikamooni wakubwa zangu, mambo vipi wenzangu. Leo niko kwa miguu na kamera iko mkononi, ikitikisika mnivumilie. Hapa ni Winterfeldtplatz, mtaa wa Schöneberg, Berlin. Jengo la matofali mnaloliona nyuma yangu ni kanisa la Mtakatifu Matthias, na uwanja huu mbele yake kila Jumatano na Jumamosi hujaa meza, miavuli na magari ya wachuuzi. Leo Jumamosi, katikati ya Juni, ndiyo mnaona msongamano huu.

Mmeniuliza mara nyingi: "Huko si kila kitu kipo supamaketi mwaka mzima? Sokoni unafuata nini?" Ni kweli kipo. Januari, barafu nje, stroberi zipo rafuni zimepangwa vizuri, nyekundu kwa macho. Ukiuma, ni maji. Kwa hiyo jibu langu ni hili: vingi vinapatikana mwaka mzima, vinavyolika kwa raha havipatikani hivyo. Na mkinisikia nasifia soko msidhani nasema kila kilichoko sokoni kimetoka shamba la jirani. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Njooni karibu na meza hii niwaonyeshe.

Mnaona hivi vibao vidogo vilivyochomekwa kwenye makreti? Wageni wote husoma tarakimu kubwa, yaani bei. Mimi nasoma yale maandishi madogo ya chini. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka muuzaji aandike nchi ilikotoka bidhaa kwa matunda na mboga nyingi, na kwa baadhi yake aandike na daraja la ubora. Sasa soma na mimi: nyanya, Uholanzi. Pilipili hoho, Hispania. Zabibu, Italia. Stroberi, Ujerumani. Meza moja, mwavuli mmoja, mama mmoja mwenye aproni ya kijani, na nusu ya mali yake imetoka soko la jumla alfajiri kama ilivyotoka ile ya supamaketi. Simlaumu, biashara ni biashara, na ameandika ukweli. Lakini mnunuzi anayeona kikapu cha nyasi kavu akaamini amekutana na mkulima, huyo amejidanganya mwenyewe.

Wakulima wapo, na ukizoea utawajua hata bila kuuliza. Meza ya mkulima huwa na vitu vichache. Mwezi huu ana vinne au vitano tu, na vyote vinafanana na udongo wa sehemu moja. Yule babu pale kona hana ndizi, hana limau, hana parachichi. Ana viazi vipya, stroberi, majani ya saladi, rubabu na Spargel. Foleni yake ndiyo ndefu kuliko zote hapa.

Sasa tuongee kuhusu hii Spargel, maana mkiishi Ujerumani mwezi wa tano na wa sita hamuwezi kuikwepa. Ni asparagasi, ila Wajerumani wanaipenda nyeupe. Mmea ni uleule wa ile ya kijani. Mkulima anaifukia ndani ya matuta marefu ya mchanga, na juu ya tuta anatandika nailoni, upande mmoja mweusi, upande wa pili mweupe. Akitaka udongo upate joto anageuza weusi juu, akitaka kuchelewesha mavuno anageuza weupe. Chipukizi linapanda gizani, halioni jua, halipati rangi. Kabla halijatokeza, mvunaji anainama, anachimbua kwa vidole, anaingiza kisu kirefu chini na kulikata, halafu anaziba shimo na kusogea hatua moja. Moja moja. Shamba zima, kwa mgongo uliopinda.

Nasema haya kwa sababu mtu akiona bei anaguna. Hapa leo daraja la kwanza ni euro 12 kwa kilo. Ghali, ndiyo. Lakini kazi ile hufanywa kwa mikono, na wanaoifanya kwa kiasi kikubwa ni wageni wa msimu kutoka Romania na Poland. Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka, serikali ya Ujerumani ilikubali waletwe kwa ndege maalumu ili mavuno yasioze shambani. Wenye nchi walifungiwa ndani, wavunaji wakapewa ndege. Hilo huwa nalikumbuka kila ninapowasikia wanasiasa wa huku wakiongea habari za wageni.

Spargel ya Berlin nyingi hutoka Beelitz, mji mdogo kusini-magharibi ya hapa, ambako wanailima tangu 1861. Na jambo lililonivutia mimi kuliko ladha yenyewe ni kwamba ina siku ya mwisho. Tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wakulima wanaacha kukata. Si ibada tu. Mmea huo unaishi miaka mingi kwenye shimo lilelile, na ukiendelea kuukata machipukizi hautapata nafasi ya kuota majani yake marefu, kujilimbikizia chakula mizizini na kurudi mwakani. Kwa hiyo wanauachia. Wajerumani wana msemo wao wa kukumbushana: cheri zikiwa nyekundu, Spargel imekufa. Na tazameni meza ile pale, cheri zimeshaanza kuwekwa. Ndiyo maana foleni ya babu ni ndefu hivi. Baada ya wiki ijayo, hakuna tena mpaka Aprili.

Ukitaka kujua kama imekatwa karibuni, sugua mbili pamoja: mbichi hasa inalia kwii kwii. Kitako chake ukikibinya kinatoa maji yasiyo na harufu ya uchachu. Ila usijaribu wewe. Narudia, usijaribu wewe! Huku kwenye masoko mengi mnunuzi hagusi mali. Ile tabia yetu ya kubonyeza nyanya, kunusa, kurudisha, kuchukua nyingine, hapa inaleta jicho baya na pengine karipio mbele ya watu. Unamwambia muuzaji unataka kiasi gani, yeye anachagua. Ukiwa mteja wake atakusugulia mwenyewe uisikie.

Mimi sinunui daraja la kwanza. Kuna kreti la pembeni la zilizopinda na kuvunjika, leo euro 7 kwa kilo. Zimetoka shamba lilelile, zimekatwa asubuhi ileile, ila hazikunyooka. Zinatosha kabisa kwa supu. Unazimenya kuanzia chini ya kichwa kushuka, maana ganda lake ni gumu hata lichemke vipi, na maganda hutupi: unayachemsha, unayachuja, hayo maji ndiyo mchuzi wa supu yenyewe. Onyo moja la kiungwana kwa watakaoila mara ya kwanza: mkienda haja ndogo baadaye mkasikia harufu ya ajabu, msikimbilie hospitali. Ni mboga.

Kitu kingine kitakachowachekesha mama zangu wa genge. Kule nyumbani ukinunua fungu unadai nyongeza, na muuzaji asipokutupia hata nyanya moja juu, kesho unahama. Hapa unaomba nusu kilo, muuzaji anaweka kwenye mizani, inasoma gramu 560, anakuangalia kwa tabasamu: "Ikizidi kidogo ni sawa?" Unajibu ni sawa, unajisikia umependelewa, halafu analipisha gramu 560 zote! Nyongeza unainunua mwenyewe. Na wenyeji wote wanasema ni sawa, kila mmoja, sijawahi kumsikia aliyesema toa.

Kushusha bei pia hakuna, isipokuwa sehemu chache. Kwa Berlin ninayoipenda ni soko la Maybachufer, pale Neukölln kando ya mfereji, Jumanne na Ijumaa, ambalo wengi wanaliita soko la Waturuki. Nilipita jana jioni. Pale ndipo utasikia soko lenye sauti! Karibu na kufunga wachuuzi wanapiga kelele, kila kitu euro moja, euro moja, bakuli zima la pilipili, kreti la maembe yaliyoiva kupita, mashada ya kotimiri. Ni rahisi, ni raha, lakini rudini kwenye kibao: mengi ya pale yametoka mbali, na yanauzwa jioni kwa sababu kesho hayatauzika. Nunua utakachopika usiku huohuo. Ukijaza begi kwa tamaa ya euro moja, Jumapili utayamwaga.

Na Jumapili huku maduka yanafungwa, kumbukeni hilo. Ukitaka kitu kibichi siku hiyo, tegemeo ni vibanda vya barabarani. Hapa mjini mtaviona vile vyenye umbo la stroberi kubwa jekundu, muuzaji amekaa ndani ya tunda. Ni vya Karls, kampuni ya kutoka Rövershagen, karibu na Rostock. Watoto wanavipenda, na mimi navipenda kwa sababu ya kibiolojia: stroberi ikishachumwa haiivi tena. Ndizi unaichuma mbichi, inaiva njiani. Stroberi haina bahati hiyo. Ya kusafirishwa siku kadhaa ndani ya lori lazima ichumwe ikiwa ngumu ili ivumilie, na ugumu ule ndio utakaoula. Ndiyo sababu ile ya Januari ni maji. Iliyochumwa leo alfajiri, ukiiweka mpaka kesho kutwa imeshalainika na kuota ukungu, na huo ndio ushahidi kwamba iliachwa ikaiva mmeani.

Ukitoka nje ya mji kabisa, vibanda vingine havina muuzaji. Meza iko mbele ya geti la shamba, viazi, mayai, maua, na ikifika Septemba maboga, bei imeandikwa kwa mkono, na pembeni kisanduku cha hela chenye tundu. Unachukua, unatumbukiza, unaondoka. Najua mnacheka. Na siku hizi wengine wameweka mashine: unabonyeza, mlango unafunguka, unatoa trei ya mayai saa sita usiku. Wizi upo, wakulima wanalalamika, ndiyo maana mashine zinaongezeka. Ila visanduku bado vipo vingi.

Kuna swali la maembe, maana liko kila wiki. Hapana, embe la sokoni hapa silinunui, yale makubwa yenye shavu jekundu kutoka Brazil au Peru. Yanakuja kwa meli, yamechumwa machanga, nyuzi tupu. Ninangoja. Kuanzia kama sasa hivi mpaka katikati ya kiangazi, maduka ya Wapakistani yanaleta maembe yao kwa ndege, ndani ya maboksi ya kadibodi, yanauzwa kwa boksi zima. Hayana sura, madogo, ya njano iliyokunjamana, na ukifungua boksi nyumba nzima inanukia. Huyo muuzaji hana soko wala mwavuli, ana duka dogo lenye simu za kukarabati upande mmoja, lakini anajua msimu wake kuliko wote hapa. Ukimuuliza kabla ya wakati anakwambia bado, na hakuuzii ya uongo.

Miezi mingine nitaipitia tukifika. Julai matango ya Spreewald, eneo la kusini-mashariki ya Berlin, na uyoga wa njano wa porini, ule ambao hawajaweza kuulima kibiashara, wote unaokotwa msituni. Vuli mvinyo mchanga ambao bado unachacha, unauzwa kwenye chupa zisizozibwa sawasawa kwa sababu ukiziba inapasuka, kama togwa iliyosahauliwa. Ukibeba ndani ya begi ishike wima, ukiilaza utaoga. Baridi ikishauma, sukuma wiki yao yenye majani yaliyojikunja, ambayo wenyewe wanasema mpaka ipigwe na baridi kali ndipo inalainika na kupata utamu kidogo. Kwa mtu aliyelelewa na sukuma, hiyo ndiyo video nitakayoifanya kwa moyo wote.

Ngojeni, foleni inasogea. Vitu vitatu vya haraka kwa mnaokuja masomoni mwezi wa kumi. Njooni na fedha taslimu, wachuuzi wengi hawana mashine ya kadi, au wanayo na siku hiyo "imeharibika". Njooni na mfuko wenu. Na mkitaka kuchagua tulivu njooni saa mbili asubuhi, mkitaka nafuu njooni nusu saa kabla ya kufungwa. Katikati ya hapo ni watalii na sisi wapiga video.

Jumamosi ijayo naenda shamba la kujichumia, nje ya mji. Unapimiwa chombo chako mlangoni, unaingia kwenye mistari ya stroberi, unachuma, unakula unavyochuma, halafu kwenye kutoka wanapima kilichobaki chomboni. Kilichoko tumboni hakipimwi. Mkitaka niende na mizani yangu nijipime kabla na baada, andikeni hapo chini. Babu ananiita, zamu yangu: nusu kilo ya zilizovunjika, na ndiyo, ikizidi kidogo ni sawa.